UZI: Laptopu ya RAM 8, bando la wiki na Yocto: nini kiwe tayari kabla ya kuandika bitbake?

KahawaElgon (mwanzisha uzi) · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mbale. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa huku mlimani kimeniomba kifaa cha kupima joto na unyevu kwenye banda la kukaushia. Bodi ninayo, BeagleBone Black, ile ya RAM megabaiti 512 na eMMC (hifadhi iliyo kwenye bodi yenyewe) ya gigabaiti 4. Debian iliyokuja nayo inafanya kazi vizuri, shida ni umeme. Ukikatika bodi ikiwa inaandika, siku ya tatu haiwaki tena. Kwa hiyo nataka imeji yangu ndogo (faili moja lenye mfumo mzima wa bodi), isiyoandika ovyo, na nimechagua Yocto, zana za kujijengea Linux yako mwenyewe, kwa sababu kila mtu anaisema.

Nilifuata video moja ya zamani. Nikabandika amri ya kusakinisha vitu, nikavuta poky (mafaili ya Yocto yenyewe) tawi la scarthgap, toleo lake mojawapo, nikaanza bitbake, amri inayojenga imeji. Ikanijia hii:

`The following required tools (as specified by HOSTTOOLS) appear to be unavailable in PATH, please install them in order to proceed:`
`chrpath diffstat lz4c`

Nikasakinisha hivyo vitatu. Ikalalamika kuhusu locale (mpangilio wa lugha na herufi). Nikarekebisha. Ikalalamika kuhusu folda. Nikahamisha folda. Mwishowe ikaanza kupakua, na hapo ndipo nilipolia: bando la wiki nzima limeisha saa 8 usiku, imeji hakuna. Nimebaki na laptopu ya moto na simu isiyo na data. Naomba mnieleze taratibu, nini hasa kinatakiwa kiwe tayari KABLA ya kuanza?

---

FundiBombo · Jumamosi, saa 3:58 usiku

Pole sana. Kabla hatujakutibu tupe dalili zote. Windows au Linux? Ubuntu ya ngapi? Diski imebaki na nafasi kiasi gani? Na uliposema ililalamika kuhusu folda, ilisema nini?

---

KahawaElgon · Jumamosi, saa 4:05 usiku

Windows 11, ndani yake WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) yenye Ubuntu 22.04. SSD ya 256, zimebaki kama 70. Folda ilikuwa kwenye Desktop, /mnt/c/Users/ kisha jina langu la kwanza, nafasi, jina la pili. Ikasema sijui mfumo wa mafaili hautofautishi herufi kubwa na ndogo.

---

KijanaWandegeya · Jumamosi, saa 4:11 usiku

Kaka hayo yote ni mambo ya ruhusa tu. Piga `sudo -i`, halafu `chmod -R 777` folda nzima, endesha bitbake kama root. Mimi huwa nafanya hivyo kwa kila kitu, napita.

---

DadaKerneli · Jumamosi, saa 4:20 usiku

@KijanaWandegeya mdogo wangu, hujawahi kuendesha bitbake. Ungekuwa umewahi ungekutana na maneno haya: `Do not use Bitbake as root.` Inakataa yenyewe, na ina sababu. Bitbake inajenga mfumo mzima wa mafaili ambao ndani ya imeji unamilikiwa na root, lakini umiliki huo inauigiza tu kwa programu inayoitwa pseudo. Ukiipa root wa kweli, pishi moja (maelekezo ya kujenga programu moja) lililoandikwa vibaya linaweza kumwaga mafaili kwenye /usr ya laptopu yako badala ya ile ya bodi. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, kosa hilo linagonga ukuta na unaliona. Hizo 777 nazo ziache kabisa, ruhusa za mafaili zinaingia kwenye imeji.

@KahawaElgon sasa wewe. Nabashiri kitu: ile amri ya kwenye video ilikuwa na `pylint3` ndani yake?

---

KahawaElgon · Jumamosi, saa 4:24 usiku

Eeh! Umejuaje? Ilikuwemo, na `libsdl1.2-dev`.

---

DadaKerneli · Jumamosi, saa 4:41 usiku

Kwa sababu orodha hiyo ni ya enzi za Dunfell, toleo la Yocto la mwaka 2020. Kwenye Ubuntu 22.04 `pylint3` haipo tena. Na apt ina tabia moja ambayo watu hawaijui: ukiipa majina 25 na moja halijui, haisakinishi hata moja. Inaandika `E: Unable to locate package pylint3` mstari wa mwisho na kunyamaza. Wewe uliona maandishi mengi yanapita ukadhani mambo yamekwenda. Ndiyo maana ukaanza kuokota chrpath leo, diffstat kesho.

Orodha ya Scarthgap kwa 22.04 ni hii, ibandike ilivyo, halafu SOMA mstari wa mwisho:

`sudo apt install build-essential chrpath cpio debianutils diffstat file gawk gcc git iputils-ping libacl1 liblz4-tool locales python3 python3-git python3-jinja2 python3-pexpect python3-pip python3-subunit socat texinfo unzip wget xz-utils zstd`

Kisha `sudo locale-gen en_US.UTF-8`. Hii ya locale watu huipuuza kwa kuwa wanasema "mimi Kiingereza cha Marekani cha nini". Bitbake imeandikwa kwa Python na inataka UTF-8 ya uhakika ili majina ya mafaili yasomeke vilevile kwenye kila mashine. Si suala la lugha.

Vingine kwenye orodha vina kazi inayoeleweka ukivitazama. chrpath inabadilisha njia ya maktaba iliyochomekwa ndani ya programu, ili kifaa kilichojengwa kwenye folda moja kifanye kazi kikihamishiwa nyingine. zstd ndiyo inayofunga vile vipande vya kazi iliyokwisha ambavyo vinakuokoa ukijenga mara ya pili. texinfo ni kwa ajili ya vitabu vya maelezo ambavyo programu za GNU hung'ang'ania kuvijenga hata kama hakuna atakayevisoma Mbale.

Pia hakikisha matoleo: Python 3.8 kwenda juu, gcc 8 kwenda juu, make 4.0, tar 1.28, git 1.8.3.1. Ubuntu 22.04 inavuka yote hayo. Ukijikuta kwenye mashine ya zamani usiyoweza kuibadilisha, mfano seva ya chuo, ndani ya poky kuna `scripts/install-buildtools` inayokuletea vifaa vipya bila kugusa mfumo wa mashine.

---

FundiBombo · Jumamosi, saa 4:50 usiku

Naongezea kuhusu folda. /mnt/c ni diski ya Windows inayoonekana kupitia dirisha, na Windows kwake `Makefile` na `makefile` ni kitu kimoja. Kwenye kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) kuna mafaili yanayotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, yakikutana hapo moja linameza jingine. Fanya kazi ndani ya nyumbani kwako kwenye Linux, /home/wewe/. Na jina la folda lisiwe na nafasi wala herufi za ajabu.

---

MzeeTransista · Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Vijana mmekesha kwenye orodha ya paketi, lakini paketi ni dakika 10 na megabaiti chache. Vitakavyomwangusha huyu mtoto ni vitatu: diski, RAM, na data. Mimi nimeshachoma laptopu mbili, nisikilizeni.

Diski. Mwongozo wa Yocto ulikuwa unasema uwe na gigabaiti 90 huru na RAM 8. Wa karibuni umepanda hadi 140 na RAM 32. Wewe una 70. Usiogope, hesabu hizo wanazipiga kwa imeji kubwa yenye dirisha na kila kitu. Kwa `core-image-minimal`, weka mstari huu kwenye conf/local.conf:

`INHERIT += "rm_work"`

Kila paketi ikimalizika, vumbi lake linafagiliwa. Kwangu haikuvuka 40. Ila kumbuka diski ya WSL ni faili moja kubwa upande wa Windows, na faili hilo hukua tu. Ukifuta vitu ndani ya Linux, Windows hairudishiwi nafasi mpaka uzime WSL na kulibana kwa mkono. Niliwahi kufuta gigabaiti 50 nikashangaa diski bado imejaa.

RAM. Una 8, lakini WSL2 kwa kawaida inachukua nusu tu. Maana yake unajenga kwa 4! Ukifika kwenye gcc au programu ya C++ iliyoshiba utaona `Killed signal terminated program cc1plus` na utadhani ni kosa la msimbo. Si kosa la msimbo, ni kerneli imemuua mlaji mkubwa ili mashine isife. Na bitbake hutazama una viini vingapi vya prosesa, haitazami una RAM kiasi gani. Ukiwa na viini 8 itaanzisha kazi 8, na kila kazi itataka make ya 8. Ipunguze:

`BB_NUMBER_THREADS = "2"`
`PARALLEL_MAKE = "-j 2"`

Itakwenda polepole, lakini itafika.

---

AruaMpakani · Jumapili, saa 2:30 asubuhi

Swali la uchokozi. Bodi moja, kihisi kimoja, programu moja. Yocto ya nini hapo? Buildroot, zana nyingine nyepesi ya kujenga Linux, ingemtosha. Unapakua, `make beaglebone_defconfig`, `make`, unakwenda kula rolex (chapati ya mayai) ukirudi umekaribia. Mahitaji yake ni machache: build-essential, bc, cpio, rsync, unzip, wget, file, perl, basi. Ukitaka menyu ongeza libncurses-dev. Nafasi ya diski ni gigabaiti chache, si 90.

---

DadaKerneli · Jumapili, saa 2:52 asubuhi

Kwa haki kabisa, Arua ana hoja. Ningekuwa naanza leo na bodi moja ningeanza na Buildroot. Inapokuuma ni baadaye: ukibadilisha kitu kikubwa inakulazimu `make clean` na kuanza upya, wakati Yocto inakumbuka ilichojenga. Chama kikitaka kifaa cha pili chenye bodi nyingine mwakani, Yocto itakulipa. Uamuzi wako @KahawaElgon.

---

KahawaElgon · Jumapili, saa 12:20 jioni

Nimerudi kutoka kanisani nikajaribu Buildroot haraka kwa data ya kuazima. Haikwenda hata hatua moja:

`Your PATH contains spaces, TABs, and/or newline (\n) characters.`
`This doesn't work. Fix you PATH.`

Nimecheka kwa uchungu. Hata wao wamekosea herufi.

---

AruaMpakani · Jumapili, saa 12:31 jioni

Hahaha samahani, sikukumbuka kuwa uko WSL. WSL inachomeka PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) ya Windows ndani ya ile ya Linux, na huko kuna "Program Files" yenye nafasi katikati. Fungua /etc/wsl.conf uandike:

`[interop]`
`appendWindowsPath=false`

Kisha kwenye Windows `wsl --shutdown`, fungua tena.

---

FundiBombo · Jumapili, saa 12:44 jioni

Au aachane na WSL. RAM 8 huwezi kuigawa na Windows ukajenga Yocto. Gawa diski, weka Ubuntu 22.04 pembeni ya Windows, uwashe moja kwa moja kwenye Linux siku ya kujenga. Utapata RAM yote na hutahangaika na faili linalokua.

---

KahawaElgon · Jumapili, saa 1:05 usiku

Nakubali, nitaweka Ubuntu pembeni. Nabaki na Yocto. Ila data ndiyo inanitisha. Tangu ile kodi ya asilimia 12 ya mwaka 2021 bando linaisha kabla hujalifungua.

---

DadaKerneli · Jumapili, saa 1:33 usiku

Hapa ndipo penye kiini cha uzi wako, tuketi kidogo.

Bitbake inafanya kazi mbili ambazo watu wanazichanganya: kupakua na kujenga. Zitenganishe. Baada ya kuandika MACHINE sahihi (jina la bodi unayoijengea) kwenye local.conf, amri hii inapakua tu:

`bitbake core-image-minimal --runall=fetch`

Unaweza kwenda nayo mahali penye intaneti nzuri, ofisini kwa rafiki au chuoni, ukapakua yote, ukarudi nyumbani. Halafu unaandika `BB_NO_NETWORK = "1"` na kujenga bila waya wala simu. Kama kuna kilichosahaulika bitbake itakuambia mapema.

Kinachokula data kuliko vyote ni kerneli. linux-yocto inavutwa kwa git pamoja na historia yake, peke yake inazidi gigabaiti moja. Na git clone ikikatikia asilimia 90, inaanza sifuri. Tarball ya kawaida (faili moja lililofungwa) wget inaweza kuiendeleza ilipoishia, git haiwezi. Nadhani ndicho kilichomeza bando lako: mtandao ulikuwa ukikatika na git ikianza upya kimyakimya.

Na weka DL_DIR nje ya folda ya build, mfano `DL_DIR = "/home/wewe/vipakuliwa"`. Vivyo hivyo SSTATE_DIR, folda ya vile vipande vya kazi iliyokwisha. Siku ukikasirika ukafuta build nzima (utakasirika), vipakuliwa vitabaki.

Sasa habari njema. Mimi niko Kampala na nina folda ya vipakuliwa ya Scarthgap. Nakuwekea kwenye diski ya nje na poky ileile niliyotumia, usivute nyingine. Matoleo yakitofautiana hata kidogo, mapishi yatadai mafaili mengine na utarudi kwenye bando. Naipeleka kwenye basi la asubuhi, mchana iko Mbale. Hakuna mtandao Uganda unaoshinda basi kwa gigabaiti.

---

MzeeTransista · Jumapili, saa 2:10 usiku

Binti, umbiza diski kwa ext4. Mwaka jana mtu aliniletea vitu kwenye flashi ya FAT32. Haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na viungo vya mafaili vyote vilikuwa vimegeuka takataka.

---

MukonoTek · Jumatatu, saa 4:20 asubuhi

Nisamehe kuingilia. Mimi nina Ubuntu 24.04, paketi zote zipo, lakini inasema `User namespaces are not usable by BitBake, possibly due to AppArmor`. Nirudi 22.04?

---

FundiBombo · Jumatatu, saa 4:37 asubuhi

Si lazima. 24.04, kwa ulinzi wake uitwao AppArmor, imefunga mlango ambao bitbake inautumia kuzizuia kazi zisiguse mtandao wakati wa kujenga. Ufungue kwa:

`sudo sysctl kernel.apparmor_restrict_unprivileged_userns=0`

Ukizima mashine unajifunga tena. Kwa kudumu uandike kwenye /etc/sysctl.d/, ila ujue umelegeza ulinzi kwa programu zote. Mimi naufungua nikijenga tu.

---

KahawaElgon · Jumatano, saa 2:15 usiku

Ripoti. Diski imefika, asante sana dada, mwenye boda kaileta mpaka mlangoni. Ubuntu 22.04 iko pembeni ya Windows. Paketi zimeingia zote, na safari hii nimesoma mstari wa mwisho.

Aibu yangu: sikuwa nimebadilisha MACHINE. Wiki iliyopita nilikuwa najenga `qemux86-64`, kompyuta ya kuigizwa, yaani hata ingefika mwisho isingewaka kwenye bodi yangu. Sasa nimeweka `beaglebone-yocto`, nikafunga mtandao kwa BB_NO_NETWORK, na imekwama kwenye u-boot tu, programu inayoiwasha bodi.

---

DadaKerneli · Jumatano, saa 2:22 usiku

Haa, kosa langu. Mimi najenga za qemu, hazihitaji u-boot. Toa BB_NO_NETWORK, endesha fetch tena, itavuta hiyo peke yake. Rudisha kufuli kisha jenga.

---

KahawaElgon · Alhamisi, saa 3:05 asubuhi

Ilianza saa 3 usiku. Saa 7 umeme ukaondoka mtaa mzima. Betri ilishika kama dakika 50 hivi, laptopu ikazima. Umeme uliporudi alfajiri nikaandika amri ileile kwa moyo mzito nikidhani naanza upya. Haikuanza upya! Ikaendelea, kazi zilizokwisha ikaziruka. Paketi moja tu, glib, ilitoa makosa ya mafaili yaliyokatika.

---

MzeeTransista · Alhamisi, saa 3:20 asubuhi

`bitbake -c cleansstate glib-2.0` halafu rudia. Inasafisha hiyo peke yake.

---

KahawaElgon · Alhamisi, saa 11:50 jioni

IMEMALIZIKA. Faili la .wic, yaani imeji yenyewe, liko kwenye kadi ya SD. Nimechomeka bodi, taa ya bluu inawaka, kwenye skrini ya terminali hakuna kitu. Kimya. Nimenunua kebo ya USB ya seriali kwenye duka moja mjini, muuzaji kasema inafaa bodi zote.

---

DadaKerneli · Alhamisi, saa 12:02 jioni

CHOMOA KWANZA. Kebo hiyo ni ya volti 5 au 3.3? BeagleBone inataka 3.3 kwenye pini za J1. Ya 5 inaweza kuua chipu.

---

KahawaElgon · Alhamisi, saa 12:09 jioni

Ina kijiswichi kidogo nyuma. Kilikuwa kwenye 5. Nimekisogeza 3.3. Natetemeka.

---

DadaKerneli · Alhamisi, saa 12:15 jioni

Sasa: pini ya 1 ni ardhi, ya 4 ni RX (ya kupokea) ya bodi, ya 5 ni TX (ya kutuma) yake. TX ya kebo iende RX ya bodi, na kinyume chake. Kasi 115200. Zima bodi, bonyeza kitufe cha S2 kilicho karibu na kadi, shikilia hivyohivyo ukiipa umeme, ndipo itaisoma SD badala ya eMMC.

---

KahawaElgon · Alhamisi, saa 12:31 jioni

`beaglebone-yocto login:`

Jamani. Nimeandika root, imeniingiza bila hata kuuliza nywila. Mke wangu amekuja kuona kuna nini, nilipiga kelele. Hii ya kuingia bila nywila naiondoaje kabla kifaa hakijapanda mlimani?

---

DadaKerneli · Alhamisi, saa 12:40 jioni

Kwenye local.conf kuna `EXTRA_IMAGE_FEATURES ?= "debug-tweaks"`, hiyo ndiyo inayoacha mlango wazi. Ibadilishe iwe `EXTRA_IMAGE_FEATURES = "read-only-rootfs"`, na utapata ule mfumo wa kusoma tu uliokuja kuutafuta. Kabla hujajenga weka nywila ya root, la sivyo utajifungia nje mwenyewe. Ila hilo lifungulie uzi mwingine. Na diski yangu irudishe kwa basi lilelile.